Kasuku Weupe wa Siku ya Msiba

Dada yangu Sabina, uliye Australia,

Simu hupokei, ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, mbele za watu. Niliishia kidato cha pili, lakini kwa barua mtaa wetu wote wa Mirongo hauniwezi, na wewe unajua.

Unakumbuka ulivyokuwa unapiga saa nne asubuhi yetu, kwako jioni, unatuonyesha kasuku weupe wenye kishungi cha njano wakifunua mapipa ya taka mtaani kwenu? Mama anavaa miwani kabisa. "Geuza simu, Sabina, naona kidole chako tu." Mimi nakuchokoza: "Hao vibaka mnawafuga wa nini? Njoo uone wa kwetu, wadogo, kijani, uso rangi ya chungwa, wametulia kwenye mawe kwa adabu." Mama anacheka mpaka anakohoa. Sisi tukadhani ni kikohozi cha kucheka.

Jumanne ile alifariki alfajiri. Saa nne ukapiga. Baba mdogo alishatoa amri: "Asiambiwe kwa simu, yuko peke yake kule. Mpaka apatikane mtu wa kukaa naye." Simu wakanipa mimi, maana ndiye mwongo wa familia. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, mbali na vilio.

"Mpe mama aone, leo wamejaa waya mzima!"

"Amelala."

"Saa hizi? Mwamshe, bwana."

"Mwache apumzike, dada. Hebu nionyeshe yule anayening'inia kichwa chini."

Ukanionyesha. Nikacheka. Nikakwambia hao wanahitaji mgambo, ukacheka na wewe. Upande wa mbele walikuwa wanafunga turubai.

Mama tulimzika Alhamisi. Mtu wa kukaa nawe alipatikana Ijumaa. Ungejua Jumanne, ungewahi.

Uliponiuliza, "Uliwezaje kucheka?" nilijibu kwamba nilitumwa. Kweli, kusema amelala nilitumwa. Kuomba unionyeshe ndege, hapana. Hiyo ilikuwa yangu. Dunia nzima mama alikuwa amekufa, isipokuwa kwako tu. Kwa robo saa ile nilitaka kukaa huko kwako, alikokuwa bado hai. Nikakunyima mazishi yake kwa ajili hiyo.

Msamaha siuombi leo. Pokea tu unitukane, hata mpaka salio liniishie.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni