Waridi Lisilo na Rangi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi chako natumaini kimekuachia. Huku tu wazima, ila roho yangu haijatulia, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unazijua picha zangu za maua ya Mama. Tangu nifungue studio, waridi likichanua uani nalipiga, nachapisha, namtundikia sebuleni. Basi wifi yetu, mke wa kaka, aliponunua kompyuta, aliniomba picha hizo azichezeechezee. Nikampa. Akarudi na maua yangu yale yale, yamekuwa meusi na meupe, na kwenye vivuli ameyatia ukahawia kama chai iliyokolea. Ungedhani yametoka kwenye sanduku la bibi.

Mama alizisogeza dirishani, akazitazama moja moja. Halafu akaagiza zangu zishushwe, hizo zipandishwe. Nikajikaza kisabuni. Misumari nilishika mimi mwenyewe, kaka akigonga nyundo. Moyoni nikambandika wifi jina: Majivu.

Wivu ukanila, dada. Kila mgeni alisifu kazi ya Majivu. Hakuna aliyeuliza nani aliyeamka kuwahi umande. Siku moja nikasema mbele ya watu kwamba hiyo si kazi, ni kubofya tu rangi ikaondoka. Hakukasirika. Alinijibu kwamba ukiiondoa rangi hivi hivi, waridi jekundu na jani lake huwa kijivu kimoja. Lazima uung'arishe wekundu na kuuzamisha ukijani, kidogo kidogo, mpaka ua lijitenge na jani. Nikauliza kwa kejeli ni nani huyo asiyeweza kutofautisha ua na jani. Majivu akainamisha macho. Mama akainuka, akatoka sebuleni.

Jumamosi nikamfuata Majivu jikoni kwake, nimekwenda kwa ugomvi hasa. Nikamwambia aache kuninyang'anya mama. Akazima jiko, akaniambia taratibu, "Wifi, Mama haoni vizuri."

Ni mtoto wa jicho, dada, macho yote mawili. Rangi zimemfifia hadi waridi na majani yake ni tope moja. Majivu aligundua siku alipomwona anaipapasa picha yangu kwa kidole, akitafuta ua liko wapi. Mama akamwapisha asiniambie, kwa kuwa ningeumia nikijua kwamba yeye picha zangu hazioni tena. Zile za Majivu anaziona. Ndiyo maana alizitengeneza.

Nimempeleka hospitali. Daktari anasema akipasuliwa ataona, na tumepangiwa mwezi ujao. Ukiweza, njoo.

Usidhani wivu umeniisha. Umehama tu. Kwanza nilimwonea Majivu wivu wa picha. Sasa namwonea wivu wa siku ile ya kidole, maana na mimi nilikuwemo chumbani humo humo, nimewapa mgongo, nachagua fremu.

Mama anakusalimu, anataka picha yako. Ipige mchana, karibu na mlango, unitumie mimi. Majivu ananifundisha kuzibadili rangi. Mkono wangu bado mzito, naiharibu midomo ya watu. Yako nitaitengeneza mwenyewe, hata nikirudia mara ngapi.

Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba