Mawe ya Chini ya Nyumba ya Wandera

Kiahiga, karibu na Nyeri
9 Februari 1975

Kwa shemeji yangu Sajini Wandera, huko Wajir kwa jua lisilo na huruma,

Joto halijakumaliza? Sisi huku tuko wazima, ni baridi tu inatuuma masikio. Dada yangu Kagure ni mzima, watoto wako wamenenepa, na yule mdogo amejua kuniita Mheshimiwa. Sikumfundisha. Labda kidogo.

Ndiyo, shemeji, nilishinda. Mimi niliyeachia shule darasa la nne, niliyeendesha lori mpaka Kisangani na kula nyoka nikidhani ni samaki, sasa ni kansela wa mji. Nikipita sokoni hata mbuzi wananipisha. Na nikuambie kilichoniletea kura: nyumba yako. Kile chumba changu cha kupanga kina kiti kimoja, wazee wangekaa wapi? Nikawa nawaleta kwako wanywe chai, nagonga ukuta na kusema, "Jasho langu liliishia hapa." Kagure aliniangalia vile dada huangalia ndugu mjinga, lakini kwa kunipenda akawaambia, "Karibuni kwa Theuri." Usikasirike. Nyumba yako imelitumikia taifa.

Sasa habari yenyewe. Kuna tajiri anaitwa Kingori, mwenye kampuni ya kuchimba mawe. Wakati wa kampeni hakukosa harambee ya kansela yeyote, na bahasha mkononi. Kwangu pia alikuja. Nikamwambia mbele ya watu, "Rudisha mfukoni, mimi sinunuliwi hata kwa mkopo." Watu walicheka, na yeye akacheka kuliko wote, akaenda kuwapa wengine.

Leo ameleta matokeo. Baraza limeletewa sheria ndogo: jiwe lolote lililo chini ya ploti yoyote ndani ya mpaka wa mji ni la baraza, na baraza linaweza kulikodisha kwa mwenye mashine. Juu ni kwako, chini si kwako. Na wewe unajua kile kilima ulichojengea ni jiwe tupu mpaka jehanamu.

Usipoteze usingizi. Mimi nimo ndani ya hilo baraza.

Ni mimi shemeji yako,
Theuri


Wajir
2 Machi 1975

Shemeji Theuri,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mimi naendelea, ingawa maji ya kisima cha hapa yana chumvi na tumbo linalalamika. Msalimie Kagure, mwambie nimepata soksi alizonitumia.

Nimecheka mahali pa kucheka. Pale pa Kingori sikucheka.

Mimi nastaafu mwaka ujao. Kwetu Busia ndugu zangu waligawana shamba nikiwa kazini, wakasema polisi ana mshahara, atafanyia nini udongo. Sikubishana, kwa sababu nilikuwa na ile ploti. Kila likizo nilibeba mawe ya msingi kwa hii mikono yangu, unakumbuka, wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo ukinieleza habari za Kongo. Sina mahali pengine pa kuweka bibi na watoto.

Kwa hivyo nakuuliza swali moja, bila mzaha: unaweza kuizuia hiyo sheria?

Shemeji yako,
Wandera


Kiahiga
20 Machi 1975

Shemeji wa nguvu,

Barua yako imefika na mchanga ndani, nimeupanda kwenye bakuli nione kama utaota ngamia. Tuko salama. Mvua imeanza, Kagure amepanda viazi nyuma ya nyumba, vya mbegu kutoka Mweiga.

Umeniuliza swali moja, nakujibu moja: ndiyo.

Hesabu ni hii. Ukimtoa mwenyekiti, tuko makansela tisa. Wanne ni wa Kingori, wamekula harambee yake mpaka wameota tumbo. Watano tunapinga. Nimezunguka kwao mmoja mmoja. Mzee Ngatia nilimwendea shambani, nikamsaidia kukamua ng'ombe, ng'ombe akanipiga teke, nikaamka nikaendelea kuongea. Yuko na sisi. Mwenyekiti hupiga kura tu wakilingana, na hawatalingana. Watano kwa wanne, shemeji. Hata mimi wa darasa la nne najua hiyo.

Mwambie huyo afisa wako akupe likizo ya Desemba. Tutachinja kuku, na ile firigisi mnayogombania nyinyi watu wa magharibi nitakuachia.

Mimi, kura ya tano,
Shemeji Theuri


Wajir
28 Mei 1975

Shemeji,

Je, mko wazima? Nauliza kwa sababu tangu Machi sijapata neno lako, na wewe si mtu wa kunyamaza. Kagure ameandika mistari miwili tu, ati nikuulize wewe. Watoto hakuwataja.

Niulize nini?

Shemeji yako,
Wandera


Kiahiga
11 Juni 1975

Shemeji yangu Wandera,

Tuko hai. Watoto wanakohoa kwa sababu ya vumbi, lakini wako hai.

Nilichelewa kuandika kwa sababu kila nikianza naandika mzaha. Sasa acha niseme vile ilikuwa.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Kagure alikaa nyuma na wanawake wa kilimani. Mimi nilivaa lile koti nililovaa kwenye harusi yako. Nikasimama niseme, na kabla sijafungua mdomo, karani wa baraza, yule Muriithi, akainua mkono.

"Mwenyekiti, sheria inasema kansela mwenye faida yake kwa jambo haruhusiwi kuliongea wala kulipigia kura. Anatoka nje. Mheshimiwa Theuri ana nyumba pale kilimani."

Nikacheka. Nikasema, "Hiyo si yangu, ni ya shemeji yangu."

"Ya shemeji haikatazwi," akasema. "Ni ya mtu mwenyewe, bibi yake au watoto wake. Lakini hii ni yako, Mheshimiwa. Nilikunywa chai huko. Uligonga ukuta ukatuambia ni jasho lako."

Watu wakaanza kucheka, na si kile kicheko changu cha kawaida. Nikasema nilikuwa natafuta kura, kila mtu hujisifu akitafuta kura. Mwenyekiti akasema, "Basi tuonyeshe barua ya ploti." Na barua ya ploti, shemeji, iko Wajir ndani ya sanduku lako.

Kagure akasimama huko nyuma. "Ni ya bwanangu," akasema, "Sajini Wandera."

Muriithi hakumpigia kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia polepole, "Mama, siku ile mlangoni ulituambia karibuni kwa Theuri. Ulidanganya siku ile au ni leo?"

Kagure akakaa chini.

Nikawauliza, na hawa wanne waliojengewa kampeni na Kingori, wao hawana faida? Karani akanijibu kama mtu anayesomea watoto: "Hiyo ni harambee, Mheshimiwa. Harambee si faida ya mtu, ni maendeleo."

Nikatolewa nje. Nilisikilizia dirishani. Wanne kwa wanne, mwenyekiti akaongeza yake, ikapita. Kingori alipotoka alinishika mkono na kuniuliza habari ya nyumbani.

Nimetafuta wakili Nyeri, anasema sheria ikishapita barua yako ya ploti haisaidii, inaonyesha juu ni kwako, na hakuna anayekataa juu ni kwako. Watu wa Kingori wanalipua kilima kwa baruti kila siku isipokuwa Jumapili. Ukuta wa sebuleni una ufa unaoweza kuingiza vidole.

Sijui niandike nini hapa chini.

Theuri, shemeji yako


Wajir
6 Julai 1975

Theuri,

Nimepokea. Niliomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa, kuna shida mpakani.

Wanunulie Kagure na watoto tikiti waende Busia kwa mama yangu. Jikoni kwake kuna nafasi ya kulala kama mahindi yakitolewa. Ndugu zangu hawatafurahi, lakini hawatawafukuza mama akiwa hai.

Mlango wa mbele ni mbao ngumu ya mti wa muiri, niliinunua Mukurweini. Usihangaike kuung'oa huo mlango. Hakuna mahali pa kuutia.

Sina hasira, nimechoka tu. Hata kama ungepiga hiyo kura wangeleta nyingine mwaka unaofuata, na bahasha nyingine. Nimekaa polisi miaka mingi, najua vile mambo huenda. Ile kura moja tu ndiyo nilikuwa nimeitegemea.

Wandera


Kiahiga
17 Novemba 1975

Shemeji Wandera,

Habari ya huko? Agosti nilikuandikia, na Septemba. Sijui kama lori la posta lilikwama au ni wewe umekwama. Yote ni sawa, mimi naandika.

Kagure na watoto walifika Busia, hilo nafikiri ameshakuandikia. Kwa kituo cha basi hakulia. Alinifunga kifungo cha koti, akapanda. Yule mdogo aliuliza kama Mheshimiwa pia anakuja, na mama yake akamwambia atazame nje.

Mimi nilihama kile chumba cha kupanga. Nakaa kwa nyumba yako. Hakuna mtu aliniambia, nilibeba tu godoro. Nilifikiri wakiona kansela amelala hapo wataogopa kulipua karibu. Hawakuogopa. Firimbi ikilia, askari wa kampuni anakuja, kijana mpole, ananishika kiwiko, "Mheshimiwa, twende kidogo," tunasimama barabarani pamoja na majirani waliobaki. Baruti inalia. Tunangoja vumbi litulie, halafu narudi kufagia. Barazani sijaenda tena. Nimesikia Kingori anafanyia watu wa kanisa harambee ya mabati, kwa sababu yale ya zamani yalitobolewa na mawe yake, na watu wanamshukuru.

Wakija wapimaji nawaambia hii ni nyumba ya Sajini Wandera, aliijenga kwa mikono yake. Wanasema ndiyo, Mheshimiwa, na kuendelea kupima.

Viazi vya Kagure nilivichimba. Vilikuwa vizuri. Nilikula vichache, vingine niliwapa majirani.

Ukuta wa jikoni ulilala chini jana, wa sebuleni uliondoka mwezi uliopita. Kesho nahamia chumba cha watoto, huko bado kuna dirisha.

Shemeji yako kama bado unataka,
Theuri