Regeleta ya Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mzee Bomba (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: miaka 73
Kazi: fundi wa mabomba na gesi, mstaafu
Makazi: chumba namba 17, ghorofa ya nne, jengo lililo nyuma ya bohari ya samani
Hadhi: mkimbizi, kibali cha ukaazi kinasubiri kusikilizwa tarehe 20 mwezi huu
Siku ya kuandikwa: Jumatano tarehe 13 Novemba, saa 2:50 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa. Ninasema haya nikiwa na akili zangu zote. Usiku wa jana nililala vizuri, jambo ambalo lilinishangaza.

Marehemu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu aliyefariki zamani. Alikuwa mwokaji mikate. Tulitoka nyumbani pamoja miaka thelathini na moja iliyopita, yeye, mimi, mke wangu na binti yetu mgongoni. Tulikaa kambini miaka tisa kabla ya kuletwa katika mji huu. Mwanamume mliyemweka mahabusu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu huyo. Wanaishi orofa ya juu katika nyumba ya marehemu, pamoja na watoto wao wawili.

Marehemu alikuwa akipika bia ya kunywa mwenyewe na wageni wake. Hakuiuza. Aliihifadhi kwenye mapipa ya chuma katika stoo iliyo chini ya nyumba. Stoo ina ngazi saba za kuteremkia, mlango mmoja, na haina dirisha. Nimeipima: mita tatu kwa mbili. Bia husukumwa na gesi ya kaboni kutoka kwenye mtungi, na kati ya mtungi na mpira kuna regeleta, kifaa cha shaba kinachopunguza nguvu ya gesi. Regeleta hiyo niliifunga mimi, miaka miwili iliyopita.

Nilipoifunga nilipaka gundi ya chuma kwenye nyuzi za viungio vyake viwili. Kazi hiyo haihitaji gundi. Afande ameniuliza kwa nini basi niliipaka. Kambini nilikuwa fundi wa maji. Ulikuwa ukifunga bomba jioni, asubuhi unakuta paipu tupu, mtu ameondoka na bomba lake. Kwa hiyo nilizoea kugandisha kila kitu ili kisifunguke tena. Hapa hakuna aliyekuwa akiiba viungio vya shemeji yangu. Mkono ulifanya tu ulichozoea, na mimi sikumwambia mwenye kifaa.

Mnamo tarehe 9 Novemba, siku ya Jumamosi, saa 3:20 asubuhi, marehemu alinipigia simu. Simu yangu ninayo, inaonyesha kuwa tuliongea dakika sita. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka na alitaka kuubadilisha. Viungio vilikuwa vimegoma.

Aliniambia, "Shemeji, hivi ulivifunga kwa spana au kwa dua?"

Nikamjibu, "Nilivifunga kwa mikono ya mwanamume. Wewe umezoea kukanda unga."

Akasema, "Unga wangu umekulisha miaka thelathini, mzee mkavu wewe. Niambie nifanyeje."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza. Mtu aliyetusikia bila kutujua angedhani tunagombana.

Nilimweleza achemshe maji, aloweke kitambaa, akifunge kwenye kiungio, asubiri dakika tano ili gundi ilegee, kisha azungushe. Nilimwambia afunge mlango wa stoo, kwa sababu upepo wa ngazini ungepoza chuma. Aliniuliza aishike vipi regeleta wakati anazungusha, maana hana jiriwa ya kuibania. Nikamwambia, "Iache hapo hapo kwenye mtungi. Uzito wa mtungi ndio jiriwa yako."

Ninaomba sentensi hiyo iandikwe kama nilivyoisema. Utaratibu sahihi ni kufunga mtungi, kuiondoa regeleta, kuibana kwenye jiriwa, na kufanya kazi mahali penye hewa. Nimewafundisha wanafunzi wengi hivyo na simjui hata mmoja aliyeumia. Lakini jiriwa yangu iko chumbani kwangu ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu mwezi wa nane, na goti la marehemu lilikuwa haliwezi ngazi zetu. Nilitaka kumwondolea adha.

Kuna jambo la pili. Kila mara marehemu aliponiuliza lolote kuhusu gesi, nilianza kwa swali moja: mtungi umefungwa? Niliwauliza hivyo wanafunzi wangu wote, nikamuuliza yeye mpaka akachoka. Alikuwa ameligeuza mzaha. Wageni wakija alikuwa akisimama mezani, akikunja uso kama wangu, na kuwauliza kama mtungi umefungwa, nao wanacheka. Siku hiyo, kabla hatujaagana, alisema, "Na leo usiniulize lile swali lako, nitakata simu."

Nilicheka. Nikasema, "Haya, sikuulizi."

Sikumuuliza.

Saa 4:05 mkwe wangu alifika kwangu. Marehemu alimtuma achukue spana yangu kubwa, ile ambayo mafundi huiita malaya, nami mbele ya afande wa kike naiita spana ya kurekebisha. (Afande amesema analijua jina hilo.) Mkwe wangu alikuwa akicheka. Alisema, "Baba, Mjomba amenifukuza. Anasema nashika spana kama nashika kijiko cha uji." Jirani wa marehemu, aliyewaambia kuwa alisikia makelele na nyundo, kisha akamwona mkwe wangu akitoka mbio, alisikia na kuona kweli, ila ulikuwa utani wao na kugonga viungio. Simlaumu.

Spana haikuonekana upesi. Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya debe la biskuti, ambamo niliiweka mwenyewe nikasahau. Wakati natafuta, mkwe wangu alikunywa chai. Aliondoka saa 4:40. Mlinzi wa jengo letu huandika kila mgeni kitabuni, saa ya kuingia na ya kutoka. Nimepita kwake asubuhi hii na kuhakikisha kuwa ukurasa upo.

Saa 4:55 mkwe wangu alinipigia. Alisema, "Baba, Mjomba yuko sakafuni." Nilimwambia aache mlango wazi na asiteremke. Alikuwa ameshateremka na ameshamtoa. Nilisikia anavyohema.

Nilifika kwa teksi saa 5:20. Marehemu alikuwa amelazwa ukumbini, amefunikwa kwa kitambaa cha meza. Watu wa zimamoto walipofungua njia ya hewa waliniruhusu kusimama mlangoni mwa stoo nitazame kama fundi. Kitambaa chenye maji kilikuwa bado kimefungwa kwenye kiungio, kwa ustadi, kama nilivyomwelekeza. Viungio havikuwa vimesogea hata uzi mmoja. Kilichozunguka ni regeleta nzima. Alipoivuta kwa nguvu, gundi ilishikilia, na nati kubwa inayoiunga na mtungi ndiyo iliyolegea. Mtungi ulikuwa wazi. Ulijazwa Ijumaa, kilo sita. Shingo yake ilikuwa nyeupe kwa barafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kama maji kwenye beseni, na chumba kile ni beseni. Haihitaji muda mrefu kumkata mtu pumzi.

Jeraha la marehemu kwenye kipaji cha uso linalingana na ukingo wa kibao cha chuma cha kuwekea mapipa. Mtu aliyeanguka akiwa amesimama pale angejigonga hapo. Hakupigwa na mtu.

Mkwe wangu aliniambia kwamba alipomkuta, mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa juu ya kifungio cha mtungi, na ilimbidi amkunjue kidole kimoja kimoja. Kwa hiyo alikumbuka. Alikuwa katikati ya kuufunga.

Kabla askari hawajafika, mkwe wangu alinivuta jikoni. Alisema, "Baba, wewe hukupigiwa simu. Mimi ndiye niliyemwelekeza Mjomba, na nilikuwa naye."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Tarehe ishirini wanakusikiliza. Jina lako likiingia polisi, watakurudisha. Mimi nina uraia, watanihoji, wataniachia."

Sikukubali wala sikukataa. Nilikaa kwenye kiti na kutazama birika. Lilikuwa bado lina joto. Askari walipouliza, yeye alijibu na mimi nikanyamaza. Walimchukua. Nilinyamaza Jumamosi, Jumapili tukimzika shemeji, Jumatatu na Jumanne. Hakuna aliyenishurutisha kunyamaza. Ni kosa langu la tatu na nataka lihesabiwe.

Jana jioni binti yangu alikuja chumbani. Alikunja nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba, akaziweka kitandani. Akasema, "Watoto wanauliza baba yao yuko wapi. Nimewaambia yuko safarini." Akiwa mlangoni akasema, "Mimi sikuombi kitu, Baba." Alishuka ghorofa zote nne bila kuwasha taa.

Afande amenieleza kwamba maneno haya yanaweza kutumika dhidi yangu, na kwamba yatapelekwa pia kwa wanaohusika na vibali. Nimeelewa. Nimesoma sana katika maisha yangu na ninajua karatasi huenda wapi. Nilikotoka, nyumba yangu ina watu wengine, na mti niliouacha mlangoni huenda umeshakatwa. Nikirudishwa sitamjua mtu. Hata hivyo mkwe wangu hakuwamo stoo gesi ilipotoka, hakuilegeza regeleta ile, na hakutoa ushauri wowote. Ushauri ulikuwa wangu, gundi ilikuwa yangu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Niliyoyasema ni yangu, na nimeyasema kabla sijafa nayo.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akasahihisha mahali pawili: saa ya simu ya kwanza na idadi ya ngazi za stoo. Amekabidhi simu yake na spana moja kubwa. Nakala ya ukurasa wa kitabu cha mlinzi imeombwa. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliuliza kielelezo namba 2, yaani mtungi, kimehifadhiwa wapi. Nilimjibu kuwa kiko ghala la kituo. Akauliza kama umefungwa. Sikuwa na uhakika, nikaenda kuangalia. Nilirudi nikamwambia kuwa umefungwa. Akashukuru, akachukua kalamu.

Saa 4:15 asubuhi.