Sanduku Lililobaki Kabatini

Thorncliffe Park, Toronto
Jumapili, 22 Februari 2026

Kwa dada yangu mpendwa Mghoi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Natumaini karatasi hii itakukuta goti limepoa, shemeji ameacha kukohoa, na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imetuonea. Jana nilingoja basi dakika arobaini, na nilipofika kazini sikuweza kufungua vifungo vya koti mpaka mmoja wa wazee ninaowahudumia akanifungulia yeye.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali tunaongea kila Jumapili. Dada, kwenye simu wewe huuliza habari, nami hujibu salama, kisha tunahamia kwenye mahindi. Kuna neno nimejaribu kukuambia mara nne, na mara zote nne nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Ndiyo maana naandika. Jemimah wa kanisani kwetu anasafiri kwenda Voi wiki ijayo, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Nianze na habari za jirani yangu, Bi Gulshan. Sikuwahi kukutajia jina lake, ingawa yeye anaijua sauti yako. Ni mama wa miaka themanini na mmoja, Mhindi mzaliwa wa Tabora, aliyehamia Kanada akiwa msichana. Mwaka juzi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, simu nimeiweka sauti ya juu, wewe unanieleza jinsi ulivyopika mihogo ikakataa kuiva. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Mwambie huyo dada, mihogo ikikataa, kosa si la moto." Niligeuka nikamwona kikongwe mwembamba amekumbatia kapu la mashuka. Nilicheka mpaka nikalia. Kumbe tulikuwa tunakaa ghorofa moja, milango mitatu tu baina yetu, miaka sita bila kujuana.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mtu. Jumamosi nilimpelekea chapati, naye akanipa chai ya tangawizi. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Nyumba yangu ni chumba kimoja na sebule, na kabla yake zilipita siku nyingi ambazo sauti pekee niliyoisikia humo ni ya friji.

Mwezi wa kumi mwanawe Ashif, anayekaa Calgary, alimwambia ahamie kwake. Bi Gulshan akaja kuazima kwangu ile mizani ndogo ya kupimia mabegi. Nilimwambia ninayo, nikafungua kabati la ukutani karibu na mlango, na vitu vikatuangukia: pasi, viatu vya theluji, mablanketi, mti wa Krismasi wa plastiki, mabegi matupu yaliyoshindiliwa ndani ya mabegi mengine. Mizani hatukuiona. Bi Gulshan alisimama katikati ya vile vitu akaniuliza, bila kuninunia, "Filo, ukiitwa kesho, utaondokaje?"

Nikainama kuokota pasi. Akasema Jumamosi ijayo atakuja na kiti chake.

Alikuja kweli. Alikaa mlangoni kama karani wa forodha, nami nikawa natoa vitu. Aliniambia yeye katika maisha yake aliwahi kufunga mizigo kwa siku moja, familia nzima ikihama, na wakasahau miwani ya baba yake mezani. Baba akasafiri hadi huku akiwa haoni vizuri, na kwa miezi miwili alikuwa akiuliza kila jengo ni la nini. Baada ya hapo mama yake aliweka sheria: vitu vya safari vikae mahali pamoja, visichanganywe na vya kila siku.

Basi tukafanya hivyo kwa Jumamosi tatu. Rafu ya juu tuliweka mabegi, dogo ndani ya kubwa, na kila moja tukaliandikia karatasi ya kusema ndani mna nini. Rafu ya kati, vibegi vya zipu: kimoja cha dawa, kimoja cha chaja na plagi za kwetu, kimoja cha mswaki, sabuni na losheni katika vichupa vidogo. Alinikataza kuutoa mswaki ule hata wa nyumbani ukichakaa. Mizani tukaikuta ndani ya buti. Pasipoti, kadi ya ukaazi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano tukaviweka katika bahasha nyekundu, tukaipigilia ndani ya mlango wa kabati mahali jicho linapofika lenyewe. Kisha akaniamuru niandike orodha ya vitu vya kufunga. Nikaandika. Akaisoma akasema nimesahau nguo za ndani.

Jumamosi ya tatu likabaki sanduku moja, lile la bluu, nyuma kabisa. Kila mara nililisukuma pembeni. Bi Gulshan alilinyanyua kidogo kwa mpini akaona ni zito. Akauliza kama ninasafiri. Nikasema hapana. Akauliza kama nimerudi kutoka safari. Nikasema hapana. Hapo akauachia mpini, nami nikalifungua.

Dada, mlikuwa na shali ya zambarau ya sufu, na makubazi ya manyoya ya kuvaa ndani ya nyumba, saizi ya miguu ya Mama. Mlikuwa na gauni langu jeusi ambalo nililifunga huku nikiomba nisilivae. Na soksi zangu za kubana miguu kwenye ndege, lebo bado inaning'inia. Bi Gulshan aliishika shali akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama yangu. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia alifariki, mwaka wa pili sasa. Akauliza, "Ulikwenda?"

Nikasema, "Sikwenda."

Alikuwa mtu wa kwanza niliyemjibu hivyo bila kuongeza sababu. Aliikunja shali polepole, kona kwa kona, akaniwekea mapajani.

Bi Gulshan aliondoka wiki mbili kabla ya Krismasi. Alifunga vitu vyake asubuhi moja, Ashif akaja kumchukua, na mimi nikabeba kiti chake mpaka kwenye lifti. Sasa pale kwake wamehamia watu wasiojibu salamu, labda kwa sababu hawajui kama naongea nao. Nikirudi kutoka kazini nafungua kabati, naliangalia, nalifunga. Kila kitu kiko mahali pake. Juzi nilijipima kwa saa: naweza kufunga safari nzima kwa dakika ishirini na tano. Ndipo nilipojua kwamba siwezi tena kukaa bila kukuambia.

Sasa nisikilize, Mghoi. Usimame kwanza kama umekaa, au ukae kama umesimama.

Mama alipozidiwa, niliwaambia ninyi kwamba kazini wamenikatalia ruhusa ya kuja. Haikuwa kweli. Msimamizi wangu, Daulat, yule uliyemwita moyo wa jiwe na ambaye mchungaji alimwombea mbele ya kaburi abadilishwe, alinipa ruhusa nikiwa bado mlangoni. Aliniambia niende, nisihesabu siku. Yale makubazi ya Mama aliyanunua yeye.

Tiketi yangu ilikuwa ya Jumatatu. Jumapili nilipoanza kufunga, pasipoti sikuiona. Nilipekua nyumba nzima. Niliona aibu kukuambia mtu mzima amepoteza pasipoti ndani ya vyumba viwili, nikakwambia ndege imesogezwa. Nawe, kwa huruma yako, ukamwambia Mama niko angani. Watu wa ndege wakakubali kunihamishia Jumatano jioni. Na Jumatano saa nne asubuhi nikaipata, kwenye mfuko wa koti langu la zamani. Nilikuwa na muda wa kuoga, kula, na kufika uwanja wa ndege nikiwa nimetulia.

Nilikaa juu ya sanduku mpaka ndege ikaondoka.

Sikuzuiwa na mtu. Niliogopa. Unakumbuka miezi ile ya mwisho, ukimpa Mama simu, alikuwa akiniita mgeni. Alikuwa akiuliza, huyu mama wa kizungu anataka nini. Wewe ulicheka ili nisiumie, nami nikacheka. Lakini hii ndiyo kazi yangu, dada. Nimewaona watoto wakitoka mbali na maua, mzazi akawatazama, kisha akanigeukia mimi kuniuliza hawa ni akina nani. Nimeziona nyuso zao. Miaka kumi na moja nilikuwa sijarudi nyumbani, na nilijiona nimesimama kando ya kitanda cha Mama, naye anakugeukia wewe kuuliza mimi ni nani. Nikashindwa. Nikakupigia nikasema kazini wamegeuka dakika ya mwisho, wamekataa.

Ijumaa akafariki. Na wewe, ukitaka kunifariji, ukanisimulia kwamba Alhamisi alasiri macho yalimfunguka, akakuuliza, "Wakio amefika wapi?" Alinitaja kwa jina langu la nyumbani. Ndege ile ningeipanda, Alhamisi usiku ningekuwa Nairobi, na Ijumaa asubuhi ningekuwa kwenye barabara ya kwenu. Labda ningemkuta, labda nisingemkuta. Neno hilo nimelala nalo mpaka leo.

Sikuombi unisamehe kwa kusoma barua. Daulat amenipa tena ruhusa, na nimekata tiketi. Natua Nairobi Jumatano, tarehe kumi na tano Aprili, na Alhamisi nitakuwa Wundanyi. Ndugu zetu wengine usiwaambie kitu, nitawaambia mwenyewe, wote wakiwa wamekaa. Kama moyo wako utakuwa mzito, usije kunipokea Voi, njia naijua. Nionyeshe tu alipolala Mama, kisha nitapanga chumba sokoni mpaka utakapotaka kuniona. Na usiponijibu, nitakuja vilevile.

Nisalimie shemeji, na watoto, na Mama Mwandawiro wa ng'ambo ya mto. Mwambie mchungaji nitapita kwake. Mungu akulinde wewe uliyekaa na Mama siku zote ambazo mimi sikukaa.

Ni mimi mdogo wako,
Philomena Wakio