Kiti Chenye Mtu

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua, au kama haujaacha, basi wewe umeacha kumficha shemeji. Msalimie sana. Wasalimie na watoto, hasa yule wa mwisho ambaye nasikia siku hizi anawajibu watu wazima kama hakimu. Huku kwetu mke wangu hajambo, mtoto hajambo, na mimi nipo, nakula, nalala.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Simu unayotumia ni ya kampuni, na ukifika mbele kidogo utaelewa kwa nini sikutaka kuipigia. Barua nimempa binamu yetu dereva. Nimemwambia akukabidhi nyumbani, mkononi, asiilete kazini hata kama anapita mlangoni kwako. Akaniuliza kama nimekuwa jasusi. Nikamwambia aendeshe gari.

Unajua kwamba unga wangu ulimwagika pale kiwanda cha magodoro. Walipunguza zamu, kisha wakapunguza watu, na mtunza ghala wa ghala tupu hana cha kutunza. Kwa hilo sikuwalaumu. Usichokijua ni kwamba tumehama pia. Tunakaa chumba cha uani kwa dada yake mke wangu, cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya cherehani, na mtu akitaka kutoka ni lazima mke wangu aache kushona, asimame, akae upande. Sikukwambia kwa sababu ungetuma kitu, na wewe una watoto wanaosoma. Mwenyeji wetu ni mtu mwema, ila siku hizi ananiuliza habari za kazi kabla ya kuniuliza habari za asubuhi.

Utakumbuka nilikuuliza kama kwenu kuna nafasi. Ukasema kipindi hiki kwenu hawaajiri hata mfagizi. Nilikuamini, na najua wewe mwenyewe uliamini unachosema. Tutalirudia hilo.

Basi nikaenda kwa wakala wa ajira. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa, na ukuta wa chumba cha kusubiria umefanya weusi pale watu wanapoegemeza vichwa. Sisi wasaka kazi tulimwita Bwana Subiri. Ukimwuliza kama mwajiri amepiga simu, subiri. Ukimwuliza choo kiko wapi, subiri, amalize kwanza kuandika. Si mtu mbaya. Alinifundisha nisiseme nimeachishwa kazi, niseme nafasi yangu iliondolewa. Alinikataza kusema niko tayari kwa kazi yoyote, maana waajiri wakisikia hivyo wanasikia njaa yako tu. Akanionyesha hata jinsi ya kukaa, mikono juu ya mapaja, mgongo usiguse kiti. Mtu mzima mwenye mke na mtoto nikafundishwa kukaa, na nikashukuru.

Pale kwenye chumba cha kusubiria kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa ghala kama sisi, aliyesubiri kuliko wote. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, mguu mmoja wa kiti umefungwa waya, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Tukamwita Mwenyekiti. Kila asubuhi alifungua kikao: anatangaza nani ameitwa, nani amekosa, nani hajaonekana na aombewe, kisha anaahirisha ajenda zote hadi kesho. Tulicheka sana chumba kile, kaka. Nilipokuwa na kazi sikuwahi kucheka hivyo. Mke wa Mwenyekiti ni mgonjwa. Hilo alilisema mara moja tu, akageuza mazungumzo, na sisi tukageuka naye.

Siku moja Bwana Subiri akaniita ndani na kufunga mlango. Alisema kuna kampuni inatafuta msimamizi wa ghala, mji mwingine, ila haitaki ijulikane. Nikauliza kwa nini. Akasema ni kawaida nyakati hizi, kampuni ikijitangaza watu watajaa mlangoni mpaka walinzi washindwe kufungua. Nikaona ni kweli. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata mke. Baada yangu aliitwa Mwenyekiti, na alipotoka hakutangaza chochote kikaoni. Tukatazamana, tukaelewana, tukazungumza habari za mvua.

Usaili wa kwanza alinifanyia Bwana Subiri mwenyewe; kwenye wa pili alikuja mama mmoja kutoka makao makuu ya hiyo kampuni. Hakuwa mkali. Alitandaza mezani picha za ghala, na kila palipokuwa na jina la kampuni pamebandikwa karatasi. Akaniambia nieleze ningebadilisha nini kama ghala hilo lingekuwa langu.

Kaka, sitakuficha, nilifurahi. Tangu nipoteze kazi watu wote walikuwa wananiuliza nimekosa nini, na huyu ananiuliza ninajua nini. Nikazitazama zile picha. Mizigo mizito yote imerundikwa karibu na mlango, imebana njia, na huko nyuma eneo kubwa limeachwa wazi kama uwanja. Nikasema msimamizi wa ghala hili ni mvivu, anashusha mzigo pale anapochokea. Nikasema anapoteza nafasi, anachelewesha magari, na siku moja boksi litamwangukia mtu. Nilisema na mengine, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, na yule mama anaandika tu. Alipofika kwenye neno mvivu aliinua kalamu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

Kitu kimoja tu nilikisifu. Pembeni ya picha moja kulikuwa na fagio zimesimamishwa ukutani, vichwa juu, mipini chini, kila moja imefungwa kitambaa shingoni. Nikasema angalau ufagio anajua kuutunza. Nikamkumbuka mama na jinsi alivyotuchapa kwa kuulaza ufagio vibaya. Nikafikiri labda watoto wa watu wengi wamechapwa kwa hilo. Nikaendelea na mambo ya magari.

Mara ya tatu yule mama aliniambia nafasi ni yangu nikiitaka. Mshahara haukuwa mnono, ila kwa mtu wa chumba cha uani ulikuwa mshahara. Mwenyekiti ndiye wa pili, akasema, nikikataa watamchukua yeye. Nilitaka kusimama nimkumbatie yule mama, nikakumbuka mikono juu ya mapaja. Ndipo akanitajia kampuni, na mji, na mtaa lilipo ghala. Nikamwuliza aliyepo sasa anakwenda wapi.

Akasema, "Bado hajaambiwa."

Kaka, ni ghala lako. Fagio ni zako. Wewe shuleni uliandikishwa kwa jina la babu, mimi kwa jina la baba, na hakuna aliyejua kwamba sisi ni wa tumbo moja. Sijui nilitokaje mle chumbani. Najua niliaga vizuri, kama nilivyofundishwa.

Kwenye ngazi Bwana Subiri akanifuata, amefurahi kwa ajili yangu, akaona ananyamaza mtu ambaye angepaswa kuimba. Akadhani naogopa kuingia mahali penye ugomvi. Akanituliza. Alisema msimamizi wa sasa amekaa miaka mingi, na kumpunguza kwa sababu ya hali ya uchumi kungewalazimu wamlipe mafao yake yote. Kwa hiyo ataondolewa kwa uzembe, na mtu wa uzembe anatoka mikono mitupu. Wana maelezo ya mtaalamu wa nje, akasema, yameandikwa vizuri sana, watamsomea wiki ijayo baada ya hesabu ya mali. Akanipigapiga bega. Ilinichukua ngazi nzima, mpaka pale kwenye mlango wa duka la dawa, kutambua kwamba mtaalamu wa nje ni mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokuchongea, kaka. Nilikuchongea bila kujua, lakini nilikuchongea kwa bidii, na nilikuwa najisikia vizuri wakati nakuchongea. Neno mvivu ni langu. Watakaposoma, utalisikia kwa sauti ya mtu mwingine, nikaona ni afadhali ulisikie kwangu kwanza. Naona aibu ambayo siwezi kuiandika vizuri.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa ninajua. Uliniambia mwenyewe ulipokuja kumwona mama: paa linavuja upande wa nyuma, sakafu inalowa, ndiyo maana umesogeza kila kitu mbele. Ulisema ulimwita fundi wa paa akapanda, akakagua, akataja kinachohitajika, na makao makuu wakakwambia usubiri. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu, nina yangu kichwani.

Nilikiuka kiapo, nikamweleza mke wangu. Alisimamisha cherehani. Aliniuliza kama nikikataa wewe utabaki kazini. Nikasema hapana, watamchukua Mwenyekiti.

"Basi kiti kitakaliwa tu," akasema. "Afadhali kikaliwe na wa kwetu."

Tafadhali usimchukie kwa hilo. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anamtazama mtoto aliyelala chini ya meza ya cherehani, kwa sababu mchana huko ndiko kwenye nafasi. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilitaka kukubali, kaka. Nilikaa na wazo hilo, nikalipanga na kulipangua, nikajiambia nitakusaidia kutoka kwenye huo mshahara, nitawalipia wanao shule, utanielewa. Nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni. Kisha nikaiona akilini ile simu ya mezani kwako, ambayo shemeji huipiga mchana kuuliza kama umekula. Nikajiona naiinua mimi. Nikajiuliza nitamjibu nini kabla hajajua, na nitamjibu nini akishajua. Nikavaa viatu, nikaenda kwa Bwana Subiri, nikasema nimekataa.

Kwa mara ya kwanza hakusema subiri. Aliuliza kama nimepata pengine. Nikasema sijapata. Akanitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa, akaniambia nisitegemee kuitwa tena hivi karibuni. Sikumweleza undugu wetu, ili wasije wakaharakisha mambo kabla hujapata barua hii.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo la muhimu. Mtafute yule fundi wa paa leo, si kesho. Mwombe akubali kusimama na kusema alichokiona na siku aliyopanda. Peleka mtu mwingine wa pale kazini, mnayeaminiana, aione sakafu ya nyuma ikiwa imelowa, na mpige picha ambazo hazijabandikwa karatasi. Usiweke saini chochote siku hiyo ya kwanza, hata wakikuletea soda. Wakisoma maelezo ya mtaalamu, waulize kama mtaalamu alifika ghalani. Hakufika. Wakitaka mimi niseme hayo mbele yao, nitakuja niseme, na kwamba ni ndugu yako nitasema. Kiti sidhani kama kitapona, sitaki kukudanganya. Lakini utoke na mafao yako, na utoke bila jina la uzembe, maana jina hilo ukifika nalo kwa mawakala hawakuulizi hata kama una uzoefu.

Mwenyekiti amekubali. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu isingekuwa haki aingie gizani. Akasema ana mgonjwa. Nikamwambia najua. Ameahidi kwamba wakimwuliza habari ya paa hatalificha. Akifika, kaka, usimpokee kwa kisirani. Mwonyeshe panapovuja, mwonyeshe na jinsi ya kuziweka fagio.

Mama usimwambie kwanza. Tutamwambia pamoja, tukiwa na la kumwambia. Shemeji mwambie leo leo, na sehemu yangu usiifunikefunike, mweleze ilivyo. Kama atakataa salamu zangu, nitaelewa. Mke wangu anawasalimu wote. Aliisoma barua hii kabla sijaifunga, na ameshona kitambaa cha mezani ambacho binamu atakileta, na ameniambia niandike kwamba ni cha shemeji.

Mimi bado napanda ngazi zile kila asubuhi, hata kama Bwana Subiri ananipita kama kabati. Kikao hakina mwenyekiti siku hizi, watu wanakaa kimya tu. Kile kiti cha dirishani kiko wazi. Niliukaza waya wa mguu wake, nikaweka mfuko wangu juu, na anayetaka kukaa namwambia kina mtu, yuko njiani. Ukija, njoo mapema.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Mkia kwa sababu nilikuwa nakufuata kila uendako.