Meno ya Gatimu

Jumatatu, 6 Julai 1992
Baridi tena. Mlima haujaonekana tangu mwezi uliopita. Mazoezi nyuma ya kibanda changu cha redio hapa Majengo, kati ya alasiri na magharibi, ili tusigombane na watu wa msikiti. Tuko wanne. Vijana wawili wa Kiganjo, gitaa na ngoma. Mimi na besi, ambayo siku hizi inagombania nafasi na tumbo langu. Na mzee Gatimu na tromboni ya kanisa lake, tarumbeta ile ya kuvuta. Tunapiga ska, muziki wa Jamaika, ule ambao mdundo unaanguka wakati mguu umeinuka. Katika Nyeri nzima wanaoujua ni sisi wanne, na mmoja wetu bado hana hakika. Ni mimi.

Gatimu alisimama katikati ya wimbo akashika shavu. Nilidhani ni baridi.

Jumatano, 8 Julai
Si baridi. Nimempeleka kwa daktari wa meno. Manne ya mbele, juu, yameoza mpaka kwenye mizizi. Daktari alitaka kuyang'oa leo leo. Gatimu akasema baada ya onyesho. Tromboni hushikiliwa na meno nyuma ya midomo. Manne yale yakitoka, basi.

Njiani akanieleza jambo ambalo hajawahi kuniambia. Amepuliza miaka thelathini. Magwaride ya polisi, kisha ibada, kisha mazishi. "Muriithi, watu wamesimama wima mbele yangu, wamepiga magoti, wamelia. Hakuna hata mmoja amewahi kucheza." Anataka kuona watu wakicheza. Mara moja tu. Ndiyo sababu aliingia kwenye ska. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya urafiki wetu. Nimejiona mjinga.

Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Likiharibika, hakuna jingine.

Ijumaa, 10 Julai
Kibali. Mwaka huu wa vyama vingi, watu kumi wakikusanyika, serikali inakohoa. Karani wa ofisi ya wilaya alisoma ombi langu la onyesho mara mbili.

"Ska. Hii ni chama?"

Nikamwambia ni muziki.

"Chama ya muziki?"

Nikamwimbia kidogo, aelewe. Kosa kubwa. Amekataa.

Jumanne, 14 Julai
Nimerudi. Yule karani si mtu mbaya. Alinivuta kando. "Mzee, muziki itakaa hapa mpaka Desemba. Andika maombi. Maombi inapita leo." Nikaandika: mkutano wa maombi, pamoja na tarumbeta. Muhuri papo hapo. Nilitoka nikitembea kama mjanja wa mwisho aliyebaki Nyeri.

Wanjira hakucheka. Mke wangu huyu hucheka mambo yangu yote, lakini hili hapana. "Baba Nyambura, sasa umedanganya Mungu kwa maandishi." Nikamwambia Mungu anaijua ska. Akasema basi Yeye ndiye atakayekuja kucheza.

Alhamisi, 16 Julai
Siku mbaya. Pikapu ya vipaza sauti niliyoikodi kutangaza onyesho ilizunguka mjini. Mwenyewe ni Kariuki, hutangaza mazishi na mikutano ya injili, hana sauti nyingine. Nilimwandikia maneno mazuri. Dansi, ska, njooni na viatu vyepesi. Lakini askari walimsimamisha sokoni wakataka kuona kibali. Wakamwambia atangaze kilichoandikwa, basi.

Nilikuwa nimeinamia redio ya mteja nikasikia kutoka barabarani: "Njooni nyote kwa maombi! Waleteni wagonjwa!" Hao wagonjwa aliwaongeza mwenyewe. Mazoea.

Nikaikimbilia pikapu. Nilifika mahali kilima kinapoanza, pumzi ikaniaga. Naogopa. Gatimu hakuja mazoezini. Shavu limevimba kama ameficha kiazi.

Jumamosi, 18 Julai
Ukumbi ulijaa. Maishani mwangu sijawahi kujaza ukumbi, na leo nilitamani uwe mtupu. Kina mama wa kanisa, vilemba kichwani, Biblia mapajani. Mzee mmoja aliletwa kwa wilibaro. Vijana wa mjini walichungulia mlangoni, wakaona Biblia, wakaenda zao. Askari wawili nyuma.

Nikamuuliza Gatimu tuache? Akatikisa kichwa. Wimbo wa kwanza tulipiga ule wa mbio, ambao miguu haiwezi kukataa. Miguu ilikataa. Watu waliinamisha vichwa, wakafumba macho. Mama mmoja wa mbele alimgeukia Wanjira, wala si kwa kunong'ona: "Na marehemu ni nani?"

Gatimu aliwatazama juu ya tromboni yake. Uso ule sitaki kuuona tena. Ilikuwa picha ile ile ya miaka thelathini.

Nikaweka besi chini. Nikashuka. Nikacheza. Uzito wote, magoti yote mawili, koti la harusi ya mdogo wangu. Mimi hucheza kama ng'ombe anayesukumwa joshoni. Macho yakafumbuka ukumbi mzima.

"Ameshukiwa na roho!"

"Roho gani hiyo ya makalio?"

Wanjira alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyesimama nami. Hata mmoja. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Sikuacha, kwa sababu Gatimu hakuacha. Aliufikisha wimbo mwisho, akaurudia, akaurudia tena, damu ikimtoka pembeni mwa mdomo.

Askari mmoja akaja mbele. "Mzee, kibali inasema maombi. Maombi haina kiuno." Wakatufungia onyesho.

Jumapili, 19 Julai
Magoti yananiuma. Kanisani walinipisha kama mgonjwa.

Jumatatu, 20 Julai
Yametolewa. Yote manne.

Alhamisi, 23 Julai
Manyunyu tangu asubuhi. Nilimpelekea Gatimu uji ambao Wanjira aliupika bila kuombwa. Tromboni imerudi kanisani. Vijana wa Kiganjo wamepata bendi ya hoteli huko Karatina. Wamefanya vyema.

Tulikaa karibu na jiko. Alikunywa kwa upande mmoja wa mdomo, polepole. Maneno yanamvuja. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono wa koti.

"Ulicheza nje ya mdundo," akasema. Hewa ilipita pale palipokuwa na meno.

"Najua, mzee."

"Mwanzo mpaka mwisho."

Kisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Hataki nione anavyocheka sasa.