Majibu ya Maji ya Mto Ilembe

Mpanda Mjini,
14 Machi 1998

Mpendwa Dada Recho,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe, shemeji Evarist na mkamwana wenu Kabula pamoja na tumbo lake. Mimi mwili hauna shida. Mvua huku hazikatiki, nguo zinakaukia ndani.

Barua yako nimeipata Jumanne. Umeandika kwa furaha kwamba Mheshimiwa Dorotea, mbunge wetu, amekuja kwenu akasoma ripoti kuwa maji ya mto Ilembe ni salama, kisha akanywa kikombe kizima, akinamama wakapiga vigelegele. Dada, dereva wake ameniambia maji yale yalitoka kwenye dumu la nyumbani kwake.

Mwaka tisini na tano mimi ndiye niliyekusihi umpigie kura. Alisimama uwanjani akasema, "Msiamini maneno yangu, aminini vipimo. Na serikali inayoogopa kuulizwa, iondoeni." Mimi mpima maji wa wilaya nikaona nimepata mtu wangu.

Oktoba mwaka jana alinituma mwenyewe nikachote maji chini ya machimbo ya dhahabu, pale wanapooshea mchanga kwa zebaki. Chupa zikaenda Dar es Salaam. Majibu yalirudi mabaya: zebaki imo, tena imezidi mno. Nikamkimbilia na karatasi mkononi. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango, akaniambia sayansi nayo ina wakati wake. Wachimbaji walimpa kura nyingi, machimbo yakifungwa atawaambia nini? Nikamuuliza, na wanaokunywa je? Akasema atawachimbia kisima kabla ya Krismasi, ila kwanza ipatikane ripoti ya kutuliza watu.

Kisima hamjakiona. Juzi nilikwenda ofisini kwake kuuliza. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa, akatoka akanipita kama hanijui. Afadhali angenitukana.

Umeniuliza kama namfahamu mtaalamu aliyeandika hiyo ripoti ya usalama, mumtumie mchele wa shukrani. Dada, ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Niliisoma yote, nikajua ni uongo, nikasaini, kwa sababu nilimwamini yeye kuliko chupa zangu. Nyie mnakunywa kwa saini yangu.

Acheni maji hayo leo hii. Kabula asiyanywe wala asiyapikie, na kuyachemsha hakusaidii. Samaki wa mto huo pia waacheni. Humu ndani nimeweka nakala ya majibu ya kweli. Shemeji ayasome kwenye mkutano wa kijiji na alitaje jina langu, asinifiche. Jumatatu asubuhi nampelekea mkuu wangu wa idara majibu hayo hayo na kumweleza nilichofanya. Wakinifukuza kazi, nitakuja kulima mpunga kwenu, kama mtanipokea.

Nisalimie majirani wote, hata watakaokataa salamu zangu.

Mdogo wako niliyekukosea,
Dafrosa